Taa ya cheki injini haizimi: nibadilishe masega, niyang'oe, nijipimie mwenyewe au nizibe na tepu?

BabaSalha (Tegeta)

Wakuu salaam. Naomba ushauri kabla sijatoa hela nyingine.

Gari ni IST ya 2004, injini 1NZ, niko nayo mwaka wa tatu. Taa ya cheki injini iliwaka mwezi wa tatu, leo mwezi wa saba bado inanikodolea macho. Haipepesi, imetulia tu. Gari inawaka kwa stata moja, haimisi, haichemshi. Kilichobadilika ni mafuta. Tegeta hadi Posta, kwenda na kurudi wiki nzima, nilikuwa natumia kama 60,000. Sasa inataka 75,000 na foleni ni ileile.

Nimepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alichomeka mashine ikatoa kodi mbili (si za TRA, ni namba za hitilafu za gari): P0171 na P0420. Akasema sensa ya oksijeni imekufa. Nikaenda maduka ya spea ya Gerezani nikanunua mtumba wa Japani, 70,000. Akafuta kodi, taa ikazima, nikampa na ya soda. Siku ya nne imerudi. Akasema basi ni ile ya nyuma. Nikanunua tena, 65,000. Siku ya tano, hii hapa.

Wa pili hakupima chochote. Aligonga bomba kwa spana, akasikiliza, akasema masega (kile kisafisha moshi kilicho ndani ya bomba) yameziba, yatolewe. Kazi bure, ila masega abaki nayo yeye.

Wa tatu ni mzee wa heshima zake. "Mwanangu, hiyo taa ni ya Wajapani. Bandika tepu."

Kwa hiyo mezani kuna njia nne. Kuweka masega mengine (mtumba nimeambiwa 400,000, mapya sijathubutu kuuliza). Kuyang'oa. Kununua kile kifaa cha Bluetooth kinachosoma kodi kwenye simu, nijipimie. Au tepu. Waliopita huko wanisaidie, ipi imewalipa?

Nguzo_8

Ng'oa mkuu. Nilikuwa na Spacio, miaka miwili nasumbuliwa na P0420 hiyohiyo. Nikang'oa masega, sensa ya nyuma nikaiwekea kile kipande cha chuma kinachoiinua isiguse moshi moja kwa moja. Taa kwisha. Gari ikawa nyepesi, hasa kwenye mlima. Usipoteze 400,000 kununua kitu ambacho huku hakuna anayekuuliza.

Shangazi wa Passo

Mimi nitaitetea Bluetooth, maana ndiyo iliyoniokoa na ubabaishaji.

Passo yangu ya 2010 ilianza kutetemeka kwenye foleni na taa juu. Fundi akaniandikia orodha kama ya harusi: plagi tatu, koili tatu, kusafisha noziri, na "sensa zote". Nikamwambia nitarudi. Nikanunua ELM327, ndicho hicho kifaa cha Bluetooth, 30,000, nikashusha programu kwenye simu. Ikasoma P0302, maana yake silinda ya pili inamisi. Kijana wa jirani anayesoma VETA akanifundisha kitu kimoja ambacho sitakisahau: chomoa koili ya silinda ya pili, ipeleke ya tatu, ile ya tatu ilete ya pili, futa kodi, endesha. Jioni ikasoma P0303. Ugonjwa umehama na koili! Nikanunua koili moja. MOJA. Kwisha habari.

Kwa hiyo kaka, hiyo 135,000 ya sensa ungenunua vifaa vinne na chenji ya chips.

FundiUmeme_Ilala

BabaSalha, pole. Umeuziwa vitu, gari haijapimwa.

Niseme hili kwanza, linawapata wengi. Mashine haisemi "badilisha sensa". P0420 inasema tu kwamba kompyuta ya gari haijaridhika na kazi ya masega. P0171 inasema mchanganyiko ni mkavu: hewa nyingi, mafuta kidogo. Sensa ndiyo iliyopeleka taarifa. Sasa wewe umemfukuza kazi mlinzi aliyepiga kelele kwamba kuna mwizi, ukaajiri mwingine, naye akapiga kelele hizohizo. Walinzi wawili wanasema kitu kimoja na bado humwangalii mwizi.

Ndani ya masega kuna udongo wa kauri wenye vitundu kama sega la nyuki, umepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita hapo hewa ya sumu inabadilishwa, na kazi hiyo inatumia oksijeni. Sensa ya mbele inaona moshi mbichi, kwa hiyo inapanda na kushuka muda wote. Ya nyuma inaona moshi uliokwisha kufanyiwa kazi, kwa hiyo masega yakiwa mazima inatulia, mara nyingi kwenye volti 0.6 au 0.7. Ikianza kuruka 0.1 hadi 0.9 kama mwenzake wa mbele, hapo ndipo kompyuta inaandika P0420. Lakini hata tundu kwenye bomba linaloingiza hewa ya nje litaifanya iruke hivyo hivyo, na masega hayana kosa.

Sasa sheria yangu ya kazi: zikija mbili pamoja, P0171 ndiyo ya kushughulikia kwanza. Injini ikichoma vibaya, masega yanalaumiwa kwa uchafu ambao hayakuutengeneza.

Kuhusu Bluetooth, dada Shangazi yuko sahihi kwa Passo ya 2010. Kwa IST ya Japani ya miaka ile nakupa tahadhari: soketi chini ya usukani inafanana, lakini vile vifaa vya bei rahisi mara nyingi vinakataa kuongea na kompyuta yake, au vinasoma nusunusu mpaka uchezee mipangilio ya programu. Usije ukalia hapa. Tafuta fundi mwenye mashine inayoonyesha namba zikitembea wakati injini inanguruma. Kusoma kodi peke yake hata mtoto anaweza. Mlipie kupima, 30,000 au 40,000, mkubaliane kabla kwamba unalipia kupima, si kununua.

Swali langu: kabla taa haijawaka mara ya kwanza, gari iliguswa wapi? Usinijibu "hakuna". Fikiria vizuri.

Dereva_Nyanda za Juu

Wakati mnasubiri jibu niweke neno la taa inayopepesa, maana naona mada inasomwa na wengi.

Ikitulia, unaweza kuendesha ukatafuta fundi kwa utaratibu. IKIPEPESA usiendelee. Mimi nilikuwa na Noah, napandisha Kitonga na abiria saba na magunia. Gari ikaanza kurusha mateke na taa inapepesa. Nikasema nifike Ilula nipumzike. Ilula nikasema Iringa pana mafundi. Iringa ilikuwa usiku nikasema basi Mafinga. Yaani kila kituo nina sababu. Silinda moja ilikuwa haichomi kabisa, petroli inaingia mbichi kwenye masega na kuwakia humohumo. Nilipofika Makambako bomba lilikuwa jekundu gizani, abiria wakashuka wenyewe bila kuambiwa. Masega yaliyeyuka yakaziba, gari haivuti hata tambarare. Koili iliyoanzisha yote hayo ilikuwa ya 45,000.

Halafu mambo ya tepu: ukibandika tepu, hutaiona ikianza kupepesa. Ni hilo tu.

Mkazi wa Ngara

Niko Nairobi, ningependa kuongea juu ya hiyo option, samahani, hiyo njia ya kununua masega mengine, kwa sababu mimi ndiye niliyelipa.

Gari yangu ilikuwa Allion yenye 1ZZ. P0420. Sikutaka mtumba, nikanunua mapya, si ya Toyota, yale ya kampuni nyingine yanayochomelewa. Duka zuri tu, pale Kirinyaga Road. Taa ikazima, nikafurahi. Baada ya miezi minane ikarudi, kodi ileile. Nikaenda kugombana dukani. Mzee wa duka akaniuliza swali moja: "Unaongeza oili kila baada ya muda gani?" Nikasema lita moja kila kilomita elfu moja hivi, lakini hiyo ni kawaida ya hizi injini. Akacheka sana. Ringi za pistoni zilikuwa zimechoka, injini inakunywa oili, na oili ikiungua inayapaka masega mpaka yanakufa. Nilikuwa nimeweka godoro jipya kwenye nyumba inayovuja.

Kwa hivyo BabaSalha, kabla ya kulipa hiyo laki nne, vuta kijiti cha oili. Kama inashuka kati ya servisi, masega mapya ni kutupa pesa.

Mtumba ndio mbaya zaidi kwa maoni yangu. Hujui yalitolewa kwa nini. Mengine yametolewa ndani na yamebaki kopo.

BabaSalha (Tegeta)

Nawashukuru sana. Nimekaa na mama Salha tukakumbushana.

Oili haishuki, nimecheki. Kuhusu kuguswa: mwishoni mwa mwezi wa pili sailensa ilitoboka, ikawa inanguruma kama bodaboda. Nikaipeleka kwa kijana wa kuchomelea. Akashusha bomba lote chini, akachomelea, akarudisha. Sikuona uhusiano maana sauti iliisha na taa iliwaka kama wiki mbili baadaye.

Kingine, sijui kama kina maana: asubuhi nikiwasha gari ya baridi kuna kasauti ka tik tik tik upande wa injini, kama cherehani. Ikipata moto kanapotea. Fundi wa kwanza alisema ni valvu, za kawaida kwa gari ya umri huu.

FundiUmeme_Ilala

😀 Hapo sasa.

Cherehani ya asubuhi inayopotea gari ikipata moto, kwa gari ambayo bomba limeshushwa hivi karibuni, mimi naanzia kwenye kiungo cha bomba la mbele. Pale kuna gasketi ya duara. Ukilishusha bomba, gasketi ya zamani ikirudishwa hailali tena kama mwanzo. Chuma kikiwa cha baridi kuna mwanya, moshi unachoropoka kwa mapigo, ndiyo hiyo tik tik. Chuma kikipata moto kinatanuka, mwanya unabana, sauti inapotea. Lakini hautaisha wote.

Utauliza: kama moshi unatoka nje, kompyuta inaonaje hewa nyingi? Moshi hautoki kwa mfululizo kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo kuna mvuto mdogo wa kurudi ndani. Mwanya ukiwa karibu na sensa ya mbele, hewa ya nje inanyonywa, sensa inaonja oksijeni, inapiga simu: "mafuta hayatoshi!" Kompyuta inatii, inaongeza petroli. Hiyo ndiyo 15,000 yako ya kila wiki. Na petroli ya ziada inakwenda kuyatesa masega, P0420 inazaliwa.

Kabla hujanunua hata hiyo gasketi, pima, maana naweza kuwa nimekosea:

Muombe fundi afungue ukurasa wa marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa asilimia ngapi. Kwa gari nzima namba inacheza karibu na sifuri, jumlisha au toa tano hivi si tatizo. Ukiona jumlisha 15 au 20 gari ikiwa imesimama, halafu inashuka ukikanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, basi hewa ya ziada inaingia mahali. Ikiwa kinyume, yaani inazidi kupanda ukikanyaga, tafuta pampu ya mafuta, chujio, au ile sensa ya kupima hewa imejaa vumbi.

Kisha apulizie kisafishio cha kabureta, kidogokidogo, kwenye mipira ya kunyonya hewa, injini ikiwa ya baridi na ndoo ya mchanga karibu. Mngurumo ukibadilika, kuna mpira umepasuka. Usipobadilika, ingia chini na tochi, utafute masizi meusi pale kwenye kiungo. Masizi hayadanganyi.

Na usimruhusu mtu afute kodi kabla ya kuziandika pamoja na ile picha ya tukio: kompyuta huhifadhi mwendo, joto na mzunguko wa injini wa sekunde ile taa ilipowaka. Ukifuta au ukichomoa betri, umechoma faili la kesi.

Jambo la mwisho, usiingurumishe hiyo gari kwenye parking iliyofungwa. Moshi unaovuja kabla ya masega una kaboni monoksidi ya kutosha kukulaza, na gesi hiyo haina harufu ya kukuonya.

Nguzo_8

Maelezo mazuri lakini mnamzungusha mtu. Bomba tupu lisingekuwa na matatizo yote haya.

FundiUmeme_Ilala

Nguzo, mkuu wangu, bomba tupu na gasketi iliyovuja ingemwachia P0171 yake palepale, na petroli inaongezwa kama kawaida. Kile kipande cha chuma kinaidanganya sensa ya nyuma peke yake. Ya mbele hakiihusu.

Na yule wa "kazi bure, masega nibaki nayo" hajamfanyia hisani mtu. Niliyoyataja mle ndani ni madini ya thamani, yana wanunuzi wake. Sisemi kila anayeshauri kung'oa ni mwizi, wewe umeshauri na hukupata kitu. Nasema ukisikia bure, uliza nani anauza nini.

Msukuma wa Leicester

Salamu kutoka Uingereza. Huku mjadala wa tepu hauna nafasi. Ukaguzi wa kila mwaka, MOT, gari ya petroli iliyoanza kutumika Julai 2003 na kuendelea ikiingia na hiyo taa inawaka imefeli. Na kama gari ilitoka kiwandani na masega halafu hayapo, imefeli vilevile. Nilijaribu ujanja wa kufuta kodi asubuhi ya ukaguzi, nikapita, jioni ikawaka. Nikalala na tatizo langu mwaka mzima nikiwa na cheti mkononi.

Nawakumbusha mnaonunua magari mkononi: muuzaji naye anaweza kufanya hivyohivyo. Mashine ina sehemu inayoonyesha kama vipimo vya ndani vimekamilika. Ukikuta karibu vyote "havijakamilika" kwenye gari inayodaiwa kutembea kila siku, mtu amefuta kumbukumbu jana au juzi. Muulize anaficha nini.

BabaSalha (Tegeta)

Nimerudi na majibu, samahani kwa ukimya wa wiki mbili.

Nilimpata fundi umeme Mwenge, 35,000 ya kupima. Marekebisho ya mafuta: jumlisha 19 gari imesimama, jumlisha 8 kwenye mizunguko 2,500. Alipuliza mipira, hakuna kilichobadilika. Akaingia chini. Kiungo cha bomba la mbele kimezungukwa na masizi kama sufuria ya kuni, na boliti moja yenye springi haikukazwa mpaka mwisho. Yule kijana alirudisha gasketi ileile.

Gasketi 12,000. Boliti mbili na springi zake 8,000. Kazi 15,000. Nilimwomba afute kodi akakataa, akasema "iache izime yenyewe, ndiyo utajua nimetengeneza". Nikaendesha roho juu. Siku ya kwanza imewaka, ya pili imewaka, ya tatu nikaanza kumchukia. Siku ya nne nawasha gari kwenda kazini, taa zote zikazima, na ile nayo ikazima. Niliizima gari nikaiwasha tena kuhakikisha.

Sasa ni siku ya tisa. Jana nimerudi kwake akaangalia namba: jumlisha 4. Tik tik hakuna. Mafuta nitawaambia mwisho wa wiki, ila mshale unashuka kwa adabu.

Masega ni yaleyale yaliyokuja nayo. Sensa ya nyuma ameiona inatulia 0.65.

Shangazi wa Passo

Hongera kaka! Na yule wa valvu umemwambia?

BabaSalha (Tegeta)

Nilipita pale. Kaniambia sensa zake ndizo zimeanza kufanya kazi, zilikuwa zinazoea gari.

Mkazi wa Ngara

😂😂😂

Mama Mapacha (Morogoro)

Samahani kudandia. Mimi taa iliwaka mara tu baada ya kubadilisha chujio la hewa, nyumbani, nilibadilisha mwenyewe. Raum. Na silensi (mngurumo gari ikiwa imesimama) inapanda na kushuka.

FundiUmeme_Ilala

Dada, fungua boneti uangalie kama soketi ya ile sensa ya hewa pale kwenye boksi la chujio umeirudisha, na kama klipu za mpira mkubwa unaotoka hapo zimekaza. Usiende popote kabla ya hapo.

Mama Mapacha (Morogoro)

Soketi inaning'inia. Yesu wangu. Asante.

Dereva_Nyanda za Juu

BabaSalha, zile sensa mbili za zamani ulizotoa zilikuwa nzima kumbe. Ziko wapi?

BabaSalha (Tegeta)

Kwenye buti, zimefungwa kwenye gazeti. Mbili kwa 100,000, za Japani kabisa, zimetoka kwenye gari naijua historia yake yote.